Mwezi wa Kitabuni Umesimama, wa Kwetu Umelala

Fungua kitabu chochote cha picha kinachomweleza mtoto mdogo habari za anga, tafuta ukurasa wa usiku, utazame mwezi mchanga. Aghalabu utaukuta umesimama wima, ncha zake mbili zimeelekea upande mmoja. Sasa toka nje jioni mwezi unapoandama, uutazame kutoka Mombasa, Tanga, Unguja au Kisumu. Umelala chali. Ncha zimeelekea juu, mgongo umeelekea kule jua lilikozama. Kila aliyewahi kukaza macho magharibi akiutafuta mwezi wa Ramadhani anaijua sura hiyo.

Hapa hakuna aliyekosea. Upande wa mwezi unaong'aa ni ule unaolikabili jua. Karibu na ikweta jua huzama likishuka karibu wima, hivyo mwezi mchanga hubaki juu ya mahali lilipozamia na mwanga huupiga kutoka chini. Miezi mingine huinama kidogo huku au kule, lakini haisimami. Ulaya jua huzama likienda mshazari, mwanga ukaupiga mwezi ubavuni, upande wa kulia. Ndiyo maana watoto wa huko hufundishwa kwamba mwezi wenye umbo la herufi D unakua, na wenye umbo la C unapungua. Kanuni hiyo inafanya kazi London na Paris. Dar es Salaam haimsaidii mtu, na ukishuka hadi Cape Town inageuka kinyume kabisa.

Tunamnunulia mtoto asiyejua kusoma kitabu cha picha kwa imani kwamba maneno ni magumu na picha itajieleza. Picha ya sayansi haijielezi. Ilichorwa mahali fulani, kwa kanuni ambazo mchoraji alizikuta tayari, na mtu aliyeamua kipi kionyeshwe na kipi kiachwe. Anayekaa na mtoto ukurasani ndiye anayeimalizia.

Jua nalo lina mambo yake. Vitabu vilivyoandikwa kaskazini ya dunia humwambia mtoto kwamba adhuhuri jua huwa upande wa kusini na kivuli huelekea kaskazini. Mtoto wa Dar es Salaam akichomeka kijiti uani mwezi Juni ataona kinyume: jua liko kaskazini, kivuli kimeangukia kusini. Desemba kivuli kinahamia kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, jua linapita utosini na kijiti kinabaki karibu bila kivuli. Mtoto wa London hawezi kuliona jambo hilo akiwa kwao, hata aishi miaka mia. Sisi tunalo bure, na vitabu tunavyovinunua vinalipita kimya.

Ukurasa wa majira manne, ule wenye mti mmoja uliochanua, ukastawi, ukapukutika, kisha ukafunikwa theluji, sitausemea sana. Mtoto wa pwani ana masika na vuli, ana kaskazi na kusi. Ukurasa ule kwake ni habari za ugenini, na habari za ugenini ni tamu, mradi asiambiwe kwamba ndivyo ilivyo dunia nzima.

Kwa nini mwaloni, si mbuyu

Watu wengi hudhani wachoraji wa Ulaya wanachora mwaloni na mbweha kwa sababu ndivyo wanavyovijua. Ni kweli, lakini nusu ya jibu iko kwenye mtambo wa kuchapia.

Picha ya rangi huchapwa kwa wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi, na kila wino una bamba lake, kibati kinachobeba sehemu ya picha inayochapwa kwa wino huo. Kitabu cha picha ni ghali kukiandaa: kuna mchoraji, mpigapicha, mtaalamu wa kukagua ukweli, na mabamba yenyewe. Gharama hiyo ni ileile ukichapa nakala 2,000 au 50,000. Kwa hiyo mchapishaji mkubwa hukiuza kitabu kwa wachapishaji wa nchi nyingine kabla hakijachapwa, kisha nakala za lugha zote hupita mtamboni kwa mkupuo mmoja. Mabamba matatu ya rangi hayaguswi. Ikifika zamu ya Kihispania au Kidachi, linatolewa bamba la wino mweusi, lile lenye maneno, linawekwa jingine. Ndiyo maana katika vitabu vya namna hii maandishi karibu yote ni meusi na hayakuchorwa ndani ya picha. Kampuni ya Dorling Kindersley, iliyoanzishwa London mwaka 1974, ilikua kwa biashara ya aina hiyo, na vitabu vyake vya miaka ya mwisho ya 1980 viliifanya picha ya kitu kilichokaa peke yake juu ya weupe ijulikane kote. Kwa jicho langu, weupe ule una faida nyingine mbali na uzuri: kitu kisicho na nyumba wala mtaa nyuma yake kinauzika katika kila nchi.

Utaratibu huu umewafikishia watoto wengi vitabu ambavyo nchi moja peke yake isingeweza kuvilipia. Lakini matokeo yake ni kwamba picha huchaguliwa kwa kuwafuata wanunuzi walio wengi, na wanunuzi hao hawako Singida. Lugha nyingine inapewa bamba jeusi tu. Unaweza kubadilisha kila neno kwenye ukurasa, mwezi ukabaki umesimama.

Kwetu hali ni ya upande wa pili. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, mwaka uleule Walter Bgoya alipoanzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota, na Kenya ina wachapishaji wa watoto wenye umri mkubwa zaidi. Hadithi zimepata sehemu yake. Kitabu cha sayansi cha mtoto wa miaka minne, chenye picha za rangi zilizochorwa kwa ajili ya anga na udongo wake, ni kigumu zaidi kukigharimia, kwa sababu soko la lugha moja linabeba mabamba yote manne. Tukilalamika tukumbuke hesabu hiyo.

Kabla mtoto hajajua kuwa picha ni picha

Mpe mtoto wa miezi tisa kitabu chenye picha halisi ya chupa yake. Ataipapasa, ataikwaruza, na wengine watajaribu kuinyanyua kutoka kwenye ukurasa. Mwanasaikolojia wa Marekani Judy DeLoache na wenzake walichapisha utafiti juu ya jambo hili mwaka 1998. Watoto wa Marekani na wa kijiji kimoja nchini Kodivaa (Ivory Coast) walifanya vilevile. Wakifika miezi 19 hivi, mikono inatulia na kidole kinaanza kuonyesha. Mtoto ameshagundua kwamba kilicho kwenye karatasi kinasimama badala ya kitu kingine kisichokuwepo hapo.

Ugunduzi huo hauji kwa umri peke yake. Mwaka 2013 Caren Walker, Patricia Ganea na mwenzao walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto wadogo wa vijijini Tanzania ambao hawakuwa wamezoea picha. Mtoto anafundishwa jina la kitu asichokijua kwa kuonyeshwa picha yake, kisha anawekewa kitu chenyewe. Watoto wa Marekani wa umri huo walikuwa wamefaulu jaribio kama hilo. Wengi wa watoto wa vijijini hawakuvuka kutoka pichani hadi kwenye kitu. Tafsiri ya haraka, kwamba hawa ni wazito, ni ya kipuuzi. Mtoto yuleyule anajua mbuzi gani ni wa nani na njia ipi inakwenda kisimani. Alichokosa ni mazoea ya kitu kimoja mahususi, karatasi inayodai kuwa dunia.

Namna picha ilivyochorwa pia ina uzito. Ganea na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 15 na 18 huhamisha wanachojifunza kwenda kwenye kitu halisi vizuri zaidi ikiwa picha inafanana nacho, kuliko ikiwa ni katuni. Kwa hiyo kile kitabu cha kuku wa zambarau mwenye macho ya duara, kinachouzwa kama cha watoto wachanga kabisa, kimewekwa kwenye umri ambao hakifai. Mtoto mkubwa ndiye anayeweza kumcheka kuku wa zambarau, kwa sababu anajua kuku alivyo.

Vifuniko vya kufunua na karatasi zinazochomoza nazo zimepimwa. Mwaka 2010 watafiti waliwapa watoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu vitabu vya wanyama, vingine vya kawaida, vingine vyenye vya kuvuta na kufunua. Waliosomewa vya kawaida walijifunza zaidi. Inaeleweka: mkono ukiwa na kazi, mnyama anakuwa kisingizio. Kinunue kwa ajili ya kucheza, ni mchezo mzuri.

Mishale

Hapa ndipo nitakapokaa, maana sijaona alama inayowapoteza watoto kuliko mshale.

Jan Amos Comenius, mwalimu kutoka Moravia, alitoa mjini Nuremberg mwaka 1658 kitabu cha picha cha watoto kilichokuja kutumika kwa vizazi kadhaa. Kila picha ilikuwa na namba ndogondogo, na kila namba ilikuwa na neno lake pembeni. (Aliichora hata roho ya binadamu, umbo la mtu kwa nukta juu ya kitambaa. Mchoraji wa sayansi asiyeogopa kitu.) Namba zile zilikuwa na kazi moja tu, ya kuunganisha sehemu na jina lake. Mshale wa vitabu vya leo una kazi nne au tano, na hakuna anayemwambia mtoto zamu imebadilika.

Ukurasa wa ua, mshale unaelekeza jina kwenye petali. Ukurasa wa mzunguko wa maji, mshale ni maji yenyewe yanasafiri. Ukurasa wa kipepeo, mshale ni siku zinapita. Ukurasa wa mnyororo wa chakula unakuta nyasi, mshale, pundamilia, mshale, simba. Mwulize mtoto wa miaka sita unasemaje. Wengi watasema nyasi zinamla pundamilia, au wataugeuza mshale kimyakimya kichwani ili simba awe mwanzo, kwa sababu anayekula ndiye anayemwendea anayeliwa. Kwa mantiki ya macho, mtoto yuko sahihi. Mchoro unafuata kitu kingine: unafuata chakula kinakokwenda, nguvu iliyokuwa kwenye majani inaingia tumboni mwa pundamilia, kisha tumboni mwa simba. Tiba yake ni sentensi moja inayosemwa huku kidole kikitembea juu ya mshale: nyasi zinaliwa na pundamilia, pundamilia analiwa na simba. Kisha aseme yeye.

Mzunguko wa maisha ya mbu una mtego uliojificha zaidi. Yai, lava, pupa, mbu kamili, halafu mshale wa mwisho unarudi kwenye yai na duara linafungwa. Mishale mitatu ya kwanza ni mdudu mmoja anayebadilika, safari ambayo katika joto letu huchukua kama wiki moja hadi mbili. Mshale wa nne si mabadiliko, ni uzazi: mbu jike ametaga na maisha ya mwingine yameanza. Yote minne imechorwa kwa unene mmoja na rangi moja. Mtoto anayeamini kwamba mbu mzee hugeuka yai ameusoma mchoro kama ulivyochorwa.

Mzunguko wa maji ndio mchoro uliochunguzwa sana. Mwaka 2019 kundi la wanasayansi lilichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchambuzi wa michoro zaidi ya 450 ya mzunguko huo. Asilimia 85 haikuonyesha binadamu akigusa maji kwa namna yoyote: hakuna shamba la umwagiliaji, hakuna bwawa, hakuna bomba. Bahari inatoa mvuke, wingu linapanda mlima, mvua inanyesha, mto unarudi baharini, mwisho. Sasa mpeleke mtoto wa Mwanza au Kisumu kwenye mchoro huo. Ziwa lililo mbele yake hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kwa mvua inayolinyeshea lenyewe, si kwa mito, na sehemu kubwa ya yanayotoka hutoka kwa mvuke, si kwa Mto Nile. Mshale ulio mkubwa kuliko yote katika maisha yake, unaopanda kutoka ziwani na kumshukia papo hapo, haumo kwenye kitabu.

Ukubwa ni tatizo ambalo mchoraji hana njia ya kulikwepa, na hapo namhurumia. Ukilichora jua kwa upana wa sentimita 10, dunia inakuwa nukta isiyofika milimita moja, na lazima uiweke umbali wa karibu mita 11. Neptuni itakuwa zaidi ya mita 300, nje ya geti, labda kwa jirani. Hakuna kitabu kitakachofanya hivyo, kwa hiyo kila mchoro wa sayari mtoto atakaouona umebanwa. Dawa si kuutupa. Chukua chungwa la sentimita 7 liwe dunia na ndimu ndogo ya sentimita 2 iwe mwezi, umwambie aweke ndimu anapodhani ndipo. Ataiweka kiganja kimoja kando. Mahali pake ni mita mbili.

Simba aliyevaa shati

Sungura na fisi walizungumza katika hadithi zetu kabla ya kuwapo kitabu hata kimoja, na sitaki mtu awanyamazishe. Shida inaanza pale kitabu kinapodai kufundisha. Mwaka 2014 Ganea na wenzake waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadi mitano vitabu kuhusu wanyama ambao hawakuwafahamu, akiwemo yule ndege anayetua mgongoni mwa nyati na ng'ombe akila kupe. Mnyama alipoelezwa kama mtu, anayeongea na kupanga mambo yake, watoto walishika ukweli mchache zaidi, na walikuwa wepesi zaidi kuamini kwamba mnyama halisi ana fikra na hisia za kibinadamu. Mtoto mdogo bado hana ungo wa kutenganisha sentensi iliyo ya utani na iliyo ya kweli katika ukurasa mmoja.

Kinyonga ndiye aliyeteseka zaidi. Anachorwa mwekundu juu ya ua jekundu, ana mistari juu ya blanketi la mistari. Kinyonga hafanyi hivyo. Rangi yake hubadilika hasa kwa sababu ya joto, woga, ugomvi na uchumba, na mwaka 2015 wanasayansi wa Geneva walieleza namna fuwele ndogo sana ndani ya ngozi yake zinavyosogeana na kuachana na hivyo kurudisha mwanga wa rangi tofauti. Milima ya Usambara ina vinyonga wa aina nyingi kuliko mahali pengi duniani, na mtoto wa Lushoto anaweza kuujua uongo huo asubuhi moja.

Je, mtoto mdogo anaweza kupewa jambo gumu kweli kwa picha? Anaweza, kuliko wengi wetu tunavyodhani. Watoto wa miaka minne wamejifunza kutoka kitabu cha picha kwamba rangi inayofanana na mazingira humficha mnyama asiliwe, wakalitumia wazo hilo kwa wanyama hai. Na mwaka 2014 Deborah Kelemen wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miaka mitano hadi minane huweza kuelewa uteuzi wa asili, wazo ambalo watu wazima hulivuruga. Walitunga kitabu cha picha kuhusu wanyama wa kubuni wenye mikonga. Baadhi wana mikonga minene, baadhi myembamba. Hali ya hewa inabadilika, wadudu ambao ni chakula chao wanajificha kwenye mashimo membamba yaliyo marefu. Wenye mikonga myembamba wanashiba na kuzaa, wengine wanapungua, kizazi baada ya kizazi. Kitabu hakikusema popote kwamba wanyama walitaka au waliamua kubadilika. Watoto walieleza kilichotokea, wakalitumia wazo hilo kwa mnyama mwingine, na miezi mitatu baadaye wengi walikuwa bado nalo.

Ukitazama kitabu kile kilivyojengwa utaona uvumilivu ambao vitabu vingi vya dukani havina: wazo moja kwa kitabu kizima, hatua moja kwa kila ukurasa, bila vijisanduku vya "Je, wajua?" vinavyomvuta mtoto kutoka kwenye wazo. Kitabu chenye mambo 200 ya ajabu kuhusu papa kitamfanya mtoto awe hodari wa kutaja mambo 200. Hilo si baya, lakini ni kazi nyingine.

Kwa hiyo dukani mimi hutazama vitu vichache. Mtoto hajafika miaka miwili: picha zinazofanana na vitu vyenyewe, kimoja kwa ukurasa, na visivyo kigeni kwake. Miaka mitatu hadi mitano: mnyama asiye na shati, na angalau kurasa chache ambazo mtoto anaweza kuzihakiki kwa macho yake nje ya nyumba. Kuanzia mitano: mchoro unaoonyesha jinsi jambo linavyotokea, na sentensi kando yake inayosema kila mshale ni wa nini. Kama sentensi hiyo haipo, iandike kwa penseli pembezoni kabla ya kumpa.

Na kabla hujamsomea ukurasa wenye mchoro, funika maneno kwa mkono umwambie akueleze anachokiona. Usimsahihishe upesi. Pale anapokosea ndipo mchoro ulipoacha pengo, na safari ijayo, akisomewa na bibi au kaka yake, pengo litakuwa palepale.